Mstari Uliolala: Dawa Iliyofungua Milango ya Msuli wa Kambakochi

Mwaka 1979 watafiti watatu, L. C. Fritz, C. C. Wang na A. Gorio, walitoa taarifa fupi katika jarida la akademia ya taifa ya sayansi ya Marekani. Walikuwa wamechukua msuli wa mguu wa kambakochi pamoja na neva zake, wakaulaza kwenye maji ya chumvi, wakapitisha dawa mpya ya minyoo iitwayo avermektini B1a, kisha wakatazama ishara za neva zikififia mpaka mstari kwenye kioo ukakaribia kulala. Hukumu waliiweka kwenye kichwa cha taarifa yenyewe: dawa inazima ishara, haitoki ikioshwa, na inafanya hivyo kwa kupunguza ukinzani wa utando wa msuli, yaani uwezo wa utando huo kuzuia umeme usivuje.

Nafundisha fiziolojia, na kisa hiki nakipenda kwa sababu kinawanasa wanafunzi wangu kila mwaka. Nikiwaambia dawa fulani imekata mawasiliano kati ya neva na msuli, nikauliza imefanyaje, jibu linakuja kabla sijamaliza swali: imeziba. Imeziba kipokezi, imeziba neva, imeziba tu. Avermektini haikuziba kitu kwenye mguu ule. Ilifungua. Ila kwa mtu aliyekodolea macho ishara peke yake, kufungua huko kulifanana na kuziba kama shilingi kwa ya pili.

Mguu wenyewe

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Kambakochi anayeuzwa kwenye masoko yetu ya pwani hana magando. Anajikinga kwa miiba na zile papasi zake ndefu. Yule wa maabara za Marekani ni Homarus, jamaa wa Atlantiki ya kaskazini mwenye magando mawili yasiyofanana, moja nene la kupondea na jingine jembamba la kukatia. Nyuma ya magando kuna miguu ya kutembelea, na ndani ya ganda la kila mguu mna misuli inayoitwa kwa kazi yake: wa kufungua kidole cha mwisho, wa kukifunga, wa kunyoosha kiungo, wa kukikunja. Fritz na wenzake walitumia ule wa kunyoosha.

Aliyewahi kula kaa ameuona msuli wa namna hii bila kujua. Uvunje mguu wa kaa kwenye kiungo, uvute taratibu, utachomoka na kibapa cheupe, kigumu na chembamba kama ukucha. Hicho kinafanya kazi ya ukano. Nyama iliyoshikamana nacho pande zote mbili ndiyo msuli. Ukivuta kibapa kimoja kidole kinafunguka, ukivuta cha pili kinafunga, na watoto wa pwani wamechezea gando la kaa hivyo kabla hata hawajasikia neno biolojia.

Kinachomtofautisha kamba na sisi ni nyaya zinazofika hapo. Msuli wa mkono wako unapokea amri ya aina moja tu kutoka kwenye neva: kaza. Ukitaka ulegee, breki inakanyagwa juu huko, kwenye uti wa mgongo, na neva inanyamaza. Kemikali inayovusha amri hiyo kutoka ncha ya neva hadi kwenye msuli ni asetilikolini, na ndiyo sababu kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini, inamlegeza mtu hadi anashindwa kupumua: inakalia vipokezi vya asetilikolini, yaani mahali kemikali hiyo inapopokelewa kwenye msuli.

Kwa kamba, breki imefungwa kwenye gurudumu lenyewe. Msuli mmoja unafikiwa na neva ya kuchochea na neva ya kutuliza, na zote mbili zinaugusa sehemu nyingi kwa urefu wake. Neva ya kuchochea inamwaga glutameti. Ya kutuliza inamwaga GABA. Asetilikolini haimo kabisa kwenye mkutano huo, kwa hiyo kurare ukiimimina pale unapoteza kurare yako bure. Nyaya nazo ni chache mno. Msuli wa kufungua na ule wa kunyoosha vinatumia neva moja ileile ya kuchochea. Kila mmoja una breki yake. Mnyama akitaka kufungua kidole bila kunyoosha kiungo, anakanyaga mafuta kwa misuli yote miwili kisha anashika breki ya mmoja.

Kwamba GABA ndiyo kemikali ya breki, hilo lenyewe lilithibitishwa kwenye kamba. Ernst Florey alikuwa na dondoo la ubongo aliloliita Factor I, lililomnyamazisha kamba wa maji baridi, jamaa mdogo wa kambakochi. Mwaka 1957 yeye na wenzake Bazemore na Elliott wakaonyesha kwamba kiini chake ni GABA. Huko Boston, Edward Kravitz, Stephen Kuffler na wenzao wakachambua neva za kambakochi moja moja kwa kibano na kukuta neva za kutuliza zimejaa GABA na za kuchochea karibu hazina. Mwaka 1966 Otsuka, Iversen, Hall na Kravitz walionyesha kwamba neva ya kutuliza ikichochewa, GABA inamwagika kwenye maji. Ikichochewa ile nyingine, haimwagiki. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo uthibitisho ulikuja baadaye. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na dawa mpya mkononi miaka ile, akitaka kujua kama inagusa glutameti au GABA, alimfuata kamba. Hapo vyote viwili viko wazi, kila kimoja na neva yake.

Dawa ilitoka wapi

Ilitoka kwenye udongo. Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, Tokyo, alipata bakteria wa jamii ya Streptomyces kwenye udongo uliochotwa Kawana, mji wa Ito, Japani. Sampuli zikapelekwa kampuni ya Merck huko New Jersey, ambako William Campbell na timu yake waliona kwamba mchuzi wa bakteria huyo unafuta minyoo kwenye panya. Mwaka 2015 wawili hao waligawiwa nusu ya tuzo ya Nobel ya tiba. Kundi la kemikali lilipewa jina la avermektini, na B1a ilikuwa kali kupita zote. Ivermektini, ambayo wengi wetu tumeimeza, ni avermektini iliyorekebishwa kidogo.

Walichokijua mwaka 1979 ni kwamba mnyoo akipewa dawa hii anapooza, lakini kwa namna ya ajabu. Hakakamai kama mwenye pepopunda, wala halegei akawa kama kitambaa kilicholowa. Anabaki alivyo, hasogei. Hilo peke yake lingepaswa kumfanya mtu ashuku kwamba si suala la kipokezi kimoja kuzibwa, kwa sababu ukiziba njia ya kuchochea unapata mlegeo, na ukiziba njia ya kutuliza unapata mkakamao.

Walichokiona kwenye kioo

Chombo cha kusomea ndani ya msuli ni mrija wa kioo uliovutwa kwenye moto hadi ncha yake haionekani kwa macho, umejazwa maji ya chumvi ya potasiamu. Unauchoma kwenye uzi mmoja wa msuli. Ncha ikipenya utando, mstari kwenye osiloskopu, kile kioo kinachochora volteji, unadondoka ghafla hadi karibu milivolti 70 chini ya sifuri na kutulia hapo. Hiyo ndiyo volteji ya msuli uliopumzika. Ukigusa neva ya kuchochea kwa mshtuko mdogo wa umeme, mstari unapanda kilima kifupi, haraka ukipanda, polepole ukishuka. Ukigusa neva ya kutuliza unapata kilima kidogo zaidi, wakati mwingine bonde, kwa sababu GABA inafungua milango ya kloraidi, yaani vitundu vya utando vinavyopitisha chembe za chumvi zenye chaji hasi, na kloraidi inavuta volteji kuelekea pale inapopenda kukaa, ambapo hapako mbali na volteji ya mapumziko.

Na kilima cha kamba kina jambo moja la muhimu kuliko chetu. Msuli wetu ukipata kilima cha kutosha unalipuka: ishara inakimbia uzi mzima, na msuli unakaza. Msuli wa kamba mara nyingi haulipuki. Unakaza kadiri kilima kilivyo kirefu. Kilima kikipungua nusu, nguvu ya mguu nayo inapungua. Hakuna mlipuko wa kufidia.

Avermektini ilipoingia, vilima vya neva ya kutuliza vilitoweka ndani ya dakika chache. Vilima vya kuchochea navyo vikaanza kufupika, lakini taratibu zaidi. Maji safi yakapitishwa kwa muda mrefu kuosha dawa, na hakuna kilichorudi.

Hapa nawasimamisha wanafunzi. Watuhumiwa ni watatu. Pengine neva imeacha kumwaga kemikali. Pengine kemikali inamwagwa lakini kipokezi kimekaliwa na dawa. Au pengine kila kitu kiko sawa kwenye mkutano wa neva na msuli, ila utando wa msuli wenyewe umeharibika kiasi kwamba ishara ikifika haifui dafu.

Karibu darasa zima linachagua wa pili, na hoja yao si ya kipuuzi. Ishara ya GABA imekufa kwanza, na imekufa yote. Dawa inayoua ishara ya GABA inajulikana tayari: pikrotoksini, inayopatikana kwenye matunda ya mmea wa Asia ya kusini uitwao Anamirta cocculus, ambayo wavuvi wa huko waliyatumia kulewesha samaki. Pikrotoksini inaziba mlango wa kloraidi. Basi avermektini ni pikrotoksini nyingine, kesi imekwisha.

Haijakwisha, kwa sababu ya vile vilima vya kuchochea. Pikrotoksini ikiziba breki, mafuta hayapungui. Ukiona ishara ya kutuliza imetoweka na ya kuchochea inafifia, mtuhumiwa huyu hana maelezo ya nusu ya pili ya ushahidi.

Swali lililoamua kesi

Fritz na wenzake waliuliza kitu ambacho hakionekani kwenye kilima: utando unavuja kiasi gani? Kipimo chake kwa kawaida ni mirija miwili ya kioo kwenye uzi mmoja wa msuli. Mmoja unasukuma mkondo mdogo wa umeme unaoujua kiasi chake, mwingine unasoma volteji imepanda kiasi gani. Gawanya volteji kwa mkondo, umepata ukinzani. Hesabu ni ya kidato cha tatu.

Ukinzani ulikuwa umeporomoka.

Chukua tarakimu za mfano, si za kwao. Glutameti ikifungua vipokezi vyake, tuseme inaingiza mkondo wa nanoampea 10. Utando wenye ukinzani wa megaomu 1 utakupa kilima cha milivolti 10. Sasa fungua matundu mengine kwenye utando huohuo hadi ukinzani ushuke kuwa megaomu 0.2. Neva haijabadilika, glutameti ni ileile, vipokezi ni vilevile, mkondo ni uleule wa nanoampea 10, lakini kilima ni milivolti 2. Bomba linamimina maji kama jana. Ndoo ndiyo imetobolewa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Huyu mchukuzi wetu, pakacha likivuja, mguu haunyooki.

Na zile ishara za GABA zilizotangulia kufa? Huu ndio upande ninaoupenda zaidi, na ndio unaokosewa zaidi. Kazi ya GABA ni kufungua milango ya kloraidi na kuivuta volteji hadi pale kloraidi inapotaka. Kama matundu yaliyofunguliwa na avermektini nayo ni ya kloraidi, basi volteji imeshafika hapo na imeshikiliwa hapo. Neva ya kutuliza ikimwaga GABA yake na kufungua milango mingine kumi, hakuna kinachosogea, kwa sababu hakuna pa kusogea. Ni sawa na dereva kukanyaga breki kwenye gari ambalo tayari limesimama na limewekewa mawe magurudumuni. Ukimtazama kwa dirishani utasema breki zake mbovu, maana anakanyaga na hakuna badiliko. Kutoweka kwa ishara ya kutuliza kulikuwa dalili kwamba utulizaji umefika kikomo, na darasa langu lilikuwa limeisoma kinyume.

Jaribio la mwisho lilitumia ileile pikrotoksini. Kama matundu ni ya kloraidi ya aina inayozibika kwa pikrotoksini, basi sumu hii inapaswa kumponya msuli. Ikamwagwa, na vilima vya kuchochea vikarudi. Vya kutuliza havikuwa na njia ya kurudi, kwa sababu pikrotoksini ndiyo inayoziba mlango wao. Sumu moja imeondoa athari ya nyingine, jambo ambalo lisingewezekana kama zote mbili zingekuwa zinaziba kitu kilekile.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu mtuhumiwa wa kwanza, neva isiyomwaga. Ni swali zuri, hasa kwa kamba, kwa sababu tangu kazi ya Dudel na Kuffler ya mwaka 1961 inajulikana kwamba neva ya kutuliza inafanya kazi mahali pawili: inatuliza msuli, na pia inaibana ncha ya neva ya kuchochea ili imwage glutameti kidogo. Dawa inayoiga GABA ingeweza kugusa hapo pia. Lakini kuporomoka kwa ukinzani wa msuli kunatosha kueleza vilima vilivyofupika bila kumhitaji mshirika mwingine, na kurudi kwa vilima baada ya pikrotoksini kunaonyesha kwamba neva ilikuwa bado na cha kumwaga.

Walipokosea jina

Walikuwa sahihi kuhusu tundu. Kuhusu mwenye tundu, walimtaja GABA, na kwa miaka zaidi ya kumi vitabu viliandika kwamba avermektini inaua minyoo kupitia GABA. Siwalaumu. Kwenye msuli wa kambakochi mlango wa kloraidi uliokuwa ukijulikana na kila mtu ulikuwa wa GABA.

Lakini dalili nyingine zilikuwa zinajikusanya, tena kwenye jamii hiihii ya krasteshia, yaani kaa, kamba na jamaa zao. Mwaka 1981 Lingle na Marder walieleza msuli wa krasteshia ambao glutameti, ile kemikali ya kuchochea, inafungua kloraidi. Mwaka 1989 Zufall, Franke na Hatt waliuchunguza utando wa msuli wa kamba wa maji baridi kwa njia ya kusikiliza mlango mmoja mmoja, wakaona avermektini inafungua mlango wa kloraidi ambao haukuwa mali ya kemikali moja. Zaidi ya kemikali moja ya neva iliweza kuufungua. (Kamba hawa wa maji baridi tunao Afrika Mashariki pia, ingawa si wenyeji: yule mwekundu wa Louisiana alipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na hakuondoka.)

Mwaka 1994 Doris Cully na wenzake wa Merck walitoa jeni za mnyoo C. elegans, wakazipandikiza kwenye mayai ya chura, na kupata mlango wa kloraidi unaofunguliwa na glutameti na kushikwa na ivermektini. Walipata vipande viwili: kimoja kikiwa peke yake kinaitikia ivermektini, kingine kinaitikia glutameti, na vikiunganishwa mlango unaitikia zote. Mwaka 2011 Hibbs na Gouaux walitoa umbo lake kwa miale ya eksirei. Mlango umejengwa kwa vipande vitano vilivyosimama duara kama mbao za pipa, na ivermektini imejichomeka kati ya ubao na ubao, ndani ya unene wa utando, kama kabari ya mti inayowekwa chini ya mlango wa nyumba usijifunge. Ndiyo maana maji ya kuoshea ya mwaka 1979 hayakufua dafu. Dawa hii inapenda mafuta. Ikishaingia kwenye utando, maji yanapita juu yake tu.

Kwa hiyo neno "kuzuia" linafaa kwa matokeo, halifai kwa kitendo. Na nani anajali? Nitataja mahali pawili ambapo jambo hili linatugusa nyumbani, na pa tatu ambapo sipendi kupapita haraka.

Fito la kupimia na bomba la kupulizia

Waliokaa maeneo ya ugonjwa wa usubi, kama Mahenge, au mikoa ya matende na mabusha, wanalijua fito la kingatiba. Mgawa dawa analisimamisha, unasimama kando yake, na rangi au alama unayoifikia ndiyo inayosema utapewa vidonge vingapi vya ivermektini vya miligramu 3. Chini ya sentimita 90 hupewi. Kuanzia 159 unapewa vinne. Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itatoa dawa hiyo bure kwa usubi. Inawezekana kuigawa kijiji kizima kwa kupima urefu badala ya uzito kwa sababu mlango wa kloraidi wa glutameti haumo kabisa mwilini mwa mwanadamu. Tuna milango ya kloraidi ya GABA na ya glisini ambayo ivermektini ikizidi sana inaweza kuigusa, lakini mingi iko kwenye ubongo, na kwenye mishipa ya ubongo kuna pampu inayoitema dawa nje. Mbwa wa aina ya collie wengi wana hitilafu kwenye jeni ya pampu hiyo, iliyotambuliwa mwaka 2001, na dozi ambayo mbwa mwingine haisikii inaweza kuwalaza hao hadi wafe.

Mahali pa pili ni duka la pembejeo. Mkulima wa nyanya anayepambana na kantangaze, au wa mahindi mwenye viwavijeshi vamizi, anauziwa emamektini benzoeti au abamektini. Abamektini kwa sehemu kubwa ni ileile B1a ya mwaka 1979, na emamektini ni ndugu yake wa damu. Wadudu wana mlango ule wa glutameti. Kaa na kamba, kama tulivyoona, wana milango ambayo dawa hii inaifungua. Kirobota wa maji, Daphnia, ambaye naye ni krasteshia mdogo mwenye ukubwa wa punje ya mtama au pungufu, akiwekwa kwenye maji yenye ivermektini kiasi cha nanogramu 25 kwa lita, nusu yao wanakufa ndani ya saa 48. Nanogramu 25 kwa lita maana yake gramu moja inatosha kuchafua kwa kiwango hicho lita milioni 40. Kwa hiyo bomba la kupulizia linaposuuzwa kijitoni jioni, kama nilivyoona likisuuzwa mara nyingi, kinachoingia majini si mabaki ya dawa ya viwavi peke yake. Kwa jamii ya mguu ule wa maabara ni dawa kamili, ingawa bahati nzuri sehemu kubwa inanata kwenye tope.

Huko Norwei na Uskoti jambo hili linafanywa kwa makusudi. Samaki aina ya salmoni wanaofugwa wanashambuliwa na chawa wa baharini, na chawa huyo ni krasteshia. Emamektini inachanganywa kwenye chakula cha samaki, mikrogramu 50 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, siku saba mfululizo. Samaki, ambaye hana mlango wa glutameti wa namna ile, anaendelea kuogelea. Chawa anakosa nguvu za kung'ang'ania na anadondoka. Ilifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa kabla chawa sugu hawajajitokeza.

Chini ya vizimba hivyo vya samaki, upande wa Kanada, wanaishi Homarus. Mwaka 2002 Waddy na wenzake waliripoti kwamba kambakochi jike wenye mayai, walipolishwa emamektini, walijivua ganda kabla ya wakati. Jike wa Homarus anabeba mayai yake yamegandishwa chini ya mkia, kwenye ganda lilelile, kwa hiyo ganda likienda na mayai yanakwenda. Hakuna mguu uliopooza katika taarifa hiyo, na ukinzani wa msuli wa kunyoosha hauelezi chochote. Kujivua ganda kunazuiwa na homoni inayotolewa na seli za neva kwenye kikonyo cha jicho. Seli hizo zikinyamaza, zuio linaondoka na ganda linapasuka. Dawa inayofungua milango ya kloraidi inaweza kuinyamazisha seli ya neva kwa njia ileile iliyoulaza mstari wa msuli.